Florida 2000: kura 537 na zile zilizowekwa kando

Kila unapotajwa uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000 katika jimbo la Florida, tarakimu inayokuja mdomoni ni 537. Ndiyo tofauti ya kura iliyompa George W. Bush wa chama cha Republican ushindi dhidi ya Al Gore wa Democratic katika jimbo lililopiga takriban kura milioni 6, na ndiyo iliyomfikisha kwenye kura 271 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, moja tu zaidi ya zile alizohitaji, ingawa nchini kote Gore alikuwa amemzidi kwa kura zaidi ya laki 5. Naamini tarakimu hiyo imetupumbaza. Iliyostahili kukumbukwa ni ile ya kura zipatazo 175,000 zilizowekwa kando kwa sababu mashine za kuhesabu hazikuona chaguo lolote, au ziliona machaguo zaidi ya moja.

Katika kaunti ya Palm Beach majina yalipangwa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakawa katikati. Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, mgombea mhafidhina wa chama kidogo cha Reform asiyependwa na Wayahudi wengi, aliyekuwa juu upande wa kulia. Buchanan akapata kura 3,407 katika kaunti yenye wazee wengi wa Kiyahudi, na mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi kati ya hizo hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 zilitobolewa zaidi ya mara moja, zikaharibika. Huko Duval, palipo na mji wa Jacksonville, wagombea urais waligawanywa katika kurasa mbili zinazofuatana, ilhali mfano wa karatasi ya kura uliotolewa kabla ya uchaguzi ulimwelekeza mpiga kura apige kura katika kila ukurasa. Aliyetii maelekezo ndiye aliyeharibikiwa.

Mawakili wa Gore waliomba kura zihesabiwe upya kwa mkono katika kaunti 4 tu, na hapo, kwa maoni yangu, walikosea vibaya. Tarehe 8 Desemba Mahakama ya Juu ya Florida iliamuru hesabu ya jimbo zima, lakini kwa kura ambazo mashine hazikuona chaguo, si zile zenye machaguo mawili. Kesho yake Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha kazi hiyo, na tarehe 12, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema muda wa kuhesabu upya umekwisha. Siwezi kuikubali hukumu inayomzuia mtu kufanya kazi, kisha ikamwambia amechelewa. Hata hivyo, uchunguzi wa kura zilizokataliwa uliosimamiwa na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Chicago, na kutangazwa Novemba 2001, ulionyesha kwamba Bush angeshinda hata kama ombi la Gore la kaunti 4 lingekubaliwa. Ni pale tu ambapo kura zote zilizokataliwa jimboni zingepitiwa ndipo Gore angetangulia, tena kwa kura chache mno.

Nami hurudi kila mara kwenye kaunti mbili za kaskazini zinazopakana. Gadsden ndiyo kaunti pekee ya Florida ambayo wengi wa wakazi wake ni Wamarekani Weusi, na huko takriban kura 12 katika kila 100 zilikataliwa. Kwa jirani yao Leon, ulipo mji mkuu wa jimbo, Tallahassee, zilizokataliwa hazikufika hata 1 katika kila 100. Pande zote mbili watu walijaza karatasi kwa kalamu na mashine zikazisoma. Tofauti ni kwamba Leon mashine ilikuwa pale pale kituoni, na karatasi yenye kasoro ilirudishwa mkononi mwa mpiga kura ili apewe nyingine, wakati za Gadsden zilipelekwa kusomwa mahali pamoja, baada ya wenyewe kwenda nyumbani.