Juu ya paa hapana, simamisheni mlingoti

Mwandishi wa makala hii ya kuzalisha umeme wa upepo nyumbani kaeleza vizuri, ila hapo aliposema mtambo mdogo wa upepo ufungwe juu ya paa, naomba nipinge. Sisi huku Singida upepo tunao. Fundi mmoja alinifungia wangu kwenye kenchi: mapanga yakawa yanageuka huku na huku, mara yanasimama, bati zinanguruma usiku kucha, mtoto halali, na asubuhi betri haijafika hata nusu. Upepo ukishagonga nyumba na miembe unavurugika. Tukauhamishia kwenye bomba la mita 12, mbali na miti, tukalivuta kwa waya pande 4. Hapo ndipo nilipouona umeme! Kasi ya upepo ikizidi mara 2, nguvu yake inazidi mara 8, na huko juu ndiko upepo una kasi zaidi, kwa hiyo urefu wa mlingoti si jambo la kubania hela.

Na jamani, msichomoe betri upepo ukiwa unavuma. Mapanga yakikosa mzigo wa kuchaji betri yanakimbia mpaka yanavunjika.

Sola sijaiacha. Mchana jua, usiku upepo, betri ni zilezile, na majirani wanakuja kuchaji simu.