Nyota moja kwa honi ya treni

Kwenye kambi za RV za Marekani, wanakolaza watu magari na trela zao zenye kitanda, jiko na choo ndani, kuna aina ya mgeni ambaye kwetu Tanzania ni nadra kumwona. Anakaa siku mbili bila kusema neno, anaagana na wenyeji vizuri, na kabla hajaingia barabara kuu ameshaandika mtandaoni kwamba kambi haifai, nyota moja. Kwetu mgeni wa gesti akikosa maji korido nzima inajua: "Dada, huku maji hayatoki!" Kelele hizo zinaudhi, nakubali. Lakini zinamfikia mwenye ufunguo wa pampu wakati bado kuna la kufanya. Lalamiko lisilomfikia mwenye spana halirekebishi kitu, na huku Marekani ninakoishi sehemu kubwa ya malalamiko ni ya namna hiyo. Tena mengi, ukiyafuatilia hadi kwenye chanzo, yanaishia ndani ya gari la mlalamikaji mwenyewe.

Chukua umeme. Kiwanja, yaani nafasi ya kuegesha RV moja, kikiwa cha ampea 30 kinatoa volti 120, yaani wati 3,600, basi. Kiyoyozi cha paani peke yake kinakula ampea 12 hadi 16. Hita ya maji ya umeme ina wati 1,440, hizo ni ampea 12 nyingine. Umeshafika 24 au 28 kabla hujapika. Mtu anapasha chakula kwenye maikrowevu, ampea 10 au zaidi, breka inaruka, naye anaandika kwamba umeme wa kambi hii unakatikakatika. Breka imefanya kazi iliyowekewa. Dawa ni kuhamishia hita kwenye gesi, au kuzima kiyoyozi kwa dakika tano chakula kikipashwa. Draya ya nywele nayo ihesabiwe, maana hufika wati 1,800. Wengine wana RV kubwa ya ampea 50, ambayo huletewa waya mbili za moto, kila moja volti 120, jumla wati 12,000. Wanakodi kiwanja cha 30 kwa sababu ni nafuu na kuchomeka kwa adapta. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu. Umeme wanaobaki nao haufiki theluthi moja ya ule ambao gari limezoea.

Lipo lalamiko la umeme ambalo ni halali kabisa, na linasikitisha kwa sababu ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote: umeme mdogo. Kambi nyingi zilijengwa wakati trela ilikuwa fupi na kiyoyozi ni anasa. Hata leo kanuni ya kitaifa ya umeme inaruhusu kambi yenye viwanja 36 au zaidi kukadiria asilimia 41 tu ya mzigo wote, kwa kuamini kwamba wageni hawatawasha kila kitu kwa wakati mmoja. Julai, saa 9 alasiri, wanawasha wote. Waya ni ndefu, viwanja vya mwisho wa mstari vinashuka kutoka volti 120 hadi 108 au chini ya hapo, na kompresa ya kiyoyozi, badala ya kupunguza, inavuta ampea nyingi zaidi, inapata joto na kuungua. Hapa Mtanzania ana la kumfundisha Mmarekani. Kwetu mwenye duka akinunua friji la kuuzia soda ananunua na friji gadi siku hiyohiyo, maana anaijua tabia ya umeme. Huku trela ya maelfu ya dola inachomekwa moja kwa moja kwenye nguzo ya soketi ya kiwanja. Kifaa cha kuilinda kipo, kinakata umeme ukishuka chini ya volti 104 au ukipanda juu ya 132, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kiyoyozi kipya. Hata mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inatosha kujua hali. Mgeni akienda ofisini na kusema "kiwanja 14, saa 9 alasiri, volti 106," meneja ana la kufanya: atamhamisha karibu na transfoma au atamwita fundi akakaze viungo kwenye boksi. Akiandika "umeme mbovu" baada ya kuondoka, hakuna fundi anayejua pa kuanzia.

Maji yana hadithi fupi zaidi. Mabomba ya ndani ya RV nyingi yanataka psi 40 hadi 60, kipimo kilekile tunachojazia matairi. Kambi iliyo chini ya kilima chenye tangi la mji inaweza kutoa 80 na zaidi, kwa hiyo mgeni hufunga regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, kwenye bomba kabla ya mpira. Ile ya bei rahisi ina tundu jembamba, presha inashuka na wingi wa maji unashuka nayo, kisha analaumu kambi kwa maji ya kudondoka. Afungue regyuleta, apime bombani kwa geji, aangalie na chujio kama limeziba. Asipofunga regyuleta kabisa, kiungo cha chini ya sinki kikipasuka, atailaumu kambi pia.

Harufu ndiyo inayozua maneno makali zaidi. RV ina matangi mawili makuu ya maji taka, la choo na la maji ya sinki na bafu, na mpira wa inchi 3 wa kumwagia kwenye shimo la kiwanja. Asiyejua huacha vali zote wazi tangu anapofika, akidhani ni kama bomba la nyumbani. Maji yanatiririka, kinyesi na karatasi vinabaki na kukauka mpaka vinajijenga kama kichuguu ndani ya tangi, na hewa ya shimo inapanda hadi chumbani. Utaratibu ni kufunga vali ya choo mpaka tangi lifike theluthi mbili. Unaifungua hiyo kwanza, kisha ile ya maji ya sinki ili yasuuze mpira, halafu unafunga zote na kurudisha galoni kadhaa za maji safi na dawa ndani ya tangi la choo. Mpira uteremke inchi moja kwa kila futi 4. Jambo jingine wengi hawalijui: feni ya paa ikizunguka bafuni na mtu akakanyaga pedali ya choo, feni inavuta hewa ya tangi moja kwa moja hadi usoni kwake. Azime feni kwanza. Kambi inalaumika kwa haki pale mdomo wa shimo ulipoinuka juu kuliko bomba la gari, kwa kuwa hapo hakuna namna maji yatapanda mlima. Hilo mgeni aliandike kwa herufi kubwa, na nambari ya kiwanja.

Wi-Fi sitaisemea sana. Laini ya megabiti 300 kwa sekunde ikigawiwa watu 60 wanaotazama filamu jioni moja, kila mmoja anabaki na 5, na ukuta wa aluminiamu wa trela unameza sehemu ya mawimbi. Hesabu hiyo haina mjadala.

Kuna mambo ambayo mwenye kambi hana mamlaka nayo kabisa. Treni, kwa mfano. Kambi nyingi ziko kando ya reli kwa sababu ardhi ya pale ni rahisi. Sheria ya shirikisho inamtaka dereva wa treni apige honi sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko cha barabara, mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, kwa sauti ya desibeli 96 hadi 110, mchana na usiku. Reli inaonekana kwenye ramani ileile ya simu ambayo mgeni anaitumia kutoa nyota moja.

Au kuni. Wageni wanakasirika wakikatazwa kuja na kuni zao, wanaona ni hila ya kuwauzia mzigo. Mwaka 2002 huko Michigan aligundulika mbawakawa wa kijani kutoka Asia ambaye funza wake hula chini ya gome la miti ya ash, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti hiyo, akisafirishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya kuni za watu wa kambi. Ndiyo maana majimbo kama New York yanazuia kuni zisizokaushwa kwa moto zisivuke maili 50. Wakulima wetu wanaomkumbuka dumuzi, aliyegundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutafuna mahindi ghalani, akaenea mkoa hadi mkoa ndani ya magunia, hawahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini gunia moja linaweza kuangamiza wilaya.

Na wanyama. Ndani ya Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, kambi ya Fishing Bridge hairuhusu mahema wala trela za turubai kwa sababu ya dubu, na watu wanalalamikia hilo. Kwetu Seronera, ndani ya Serengeti, kambi haina uzio, jiko limezungushiwa wavu wa chuma, na fisi hupita usiku. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ina baridi kali kwa kuwa ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na tembo huja kunywa kwenye tangi la maji. Anayetoa nyota moja kwa baridi ya Ngorongoro anamwadhibu mpishi na mlinzi kwa kimo cha mlima.

Watu hudhani nyota moja ni neno dogo la kupunguza hasira. Tazama hesabu. Kambi yenye maoni 40 na wastani wa 4.6 ikipata nyota moja inashuka hadi 4.5, na ili irudi pale ilipokuwa inahitaji wageni tisa wengine wote watoe nyota tano. Kambi yenye maoni 12 na wastani wa 4.5 inaangukia 4.2, na inahitaji saba. Mgeni aliyeridhika haandiki, anaondoka tu. Na majimbo ya kaskazini msimu ni mfupi, kuanzia Mei hadi Oktoba, baadaye mabomba yanafungwa yasipasuke kwa barafu. Mume na mke wenye viwanja 40 wanakula mwaka mzima kwa kilichoingia katika miezi hiyo. Wikiendi moja ya Julai ikikaa tupu, hairudi.

Nasema hivi bila kutaka watu wazibwe midomo. Sheria ya Marekani ya 2016 inabatilisha masharti ya mkataba yanayomtoza mteja faini kwa sababu ya maoni ya kweli, na tangu Oktoba 2024 kanuni ya tume ya biashara ya shirikisho inakataza kununua na kuuza maoni bandia. Uhuru huo nauheshimu sana, na nautamani nyumbani. Sisi tumeelemea upande wa pili. Tukimaliza kupiga kelele koridoni hatuandiki chochote. Sehemu ni haya, mtu hataki kumharibia mwenzake riziki. Sehemu ni hofu: Tanzania, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na mteja wa kawaida hajui mpaka kati ya uongo na lalamiko uko wapi. Matokeo yake, gesti yenye soketi inayopiga shoti inabaki na nyota tano kutoka kwa watu wawili walioandika "pazuri sana", na mgeni wa tatu anaingia bila kujua. Wakenya wana Ibara ya 46 ya Katiba inayompa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na taarifa za kumwezesha kuitumia, lakini haki hiyo nayo inahitaji mtu wa kuandika kilichotokea, wapi na lini.

Maoni yenye faida hayahitaji maneno mengi. Mfano: "Kiwanja 14, ampea 30. Volti 106 saa 9 alasiri. Tulimwambia meneja, akatuhamishia 22 ndani ya nusu saa, volti 117. Reli iko mita 200, treni zilipita mara tatu usiku." Mwenye kambi anajua mstari upi wa waya aubadilishe, msafiri anayefuata anajua kama ana usingizi mwepesi asije. Nyota ngapi hapo si muhimu sana.

Wanaofungua kambi na loji ndogo nyumbani, Lushoto, Iringa, Naivasha, wasingoje lalamiko la kwanza. Waandike mapema kwenye ukurasa wao: umeme ni wa jua, unatosha taa na kuchaji simu, pasi na draya hapana, maji ya moto yanachemshwa kwa kuni, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, kilomita 6 za mwisho ni udongo, wakati wa masika gari dogo halifiki, msikiti uko jirani na adhana ya alfajiri inasikika. Mtu akishikilia kwamba hakuambiwa, wajibu kwa sentensi tatu zenye ukweli bila kumtukana, kwa sababu wanaosoma jibu ni wengi kuliko yeye. Anayedai punguzo kwa kutishia nyota moja asipewe, na ujumbe wake uhifadhiwe. Nambari ya simu ya meneja ibandikwe nyuma ya mlango. Na mgeni aulizwe kama kila kitu kinafanya kazi jioni ileile aliyoingia, akishaoga na kuchomeka simu yake, maana ukimwuliza asubuhi anapofunga begi hata fundi akiwepo hana la kumsaidia.