Mithali Raj na Swali la Mwendo Wake

Mithali Raj, mpigaji wa timu ya kriketi ya wanawake ya India, alipostaafu Juni 2022, alikuwa na mikimbio (pointi za kriketi) 7,805 katika mechi 232 za kimataifa za ova 50, ova moja ikiwa mipira 6, kwa wastani wa 50.68, na hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amefika hapo. Ubishi juu yake haukuhusu idadi hiyo, bali mwendo aliotumia kuifikia. Wapo wanaomwona kuwa nguzo iliyoibeba India kwa zaidi ya miaka 20, na wapo wanaosema kwamba alikula mipira mingi mno kwa mikimbio michache, hasa mchezo ulipokwisha kuwa wa kasi.

Ili kumtendea haki, ni lazima kukumbuka alikoanzia. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ireland mwaka 1999, aliicheza akiwa na miaka 16 na akatoka uwanjani na mikimbio 114 bila kutolewa. Miaka mitatu baadaye, huko Taunton, aliwapiga Waingereza mikimbio 214 kwa mipira 407, rekodi ya dunia wakati huo kwa mechi za Testi za wanawake, yaani zile zinazochezwa kwa siku kadhaa. Bodi ya kriketi ya India ilikuwa bado haijaichukua timu ya wanawake chini yake, jambo lililofanyika mwaka 2006 tu, na wachezaji walisafiri kwenda mashindanoni kwa mabehewa ya kawaida ya treni. Katika timu ya namna hiyo, ambayo wiketi zake, yaani wapigaji wanaotolewa, zilipukutika mara tu yeye alipotoka, kubaki uwanjani bila kutolewa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Hata fainali ya Kombe la Dunia ya 2017 pale Lord's, uwanja wa London, ilionyesha udhaifu huo: India ilikuwa na mikimbio 191 kwa kupoteza wiketi 3, ikitafuta 229, kisha wiketi 7 zikaanguka ndani ya mikimbio 28 na England ikashinda kwa mikimbio 9.

Hata hivyo, hoja ya wakosoaji haiwezi kupuuzwa, na nguvu yake inaonekana zaidi katika mchezo wa ova 20, ambamo timu nzima ina mipira 120 pekee. Katika Kombe la Dunia la mchezo huo la 2018, kule West Indies, Mithali alipata mikimbio 56 dhidi ya Pakistan na 51 dhidi ya Ireland. Lakini hiyo 51 ilitumia mipira 56, yaani karibu nusu ya mipira yote ya India. Mechi iliyofuata hakucheza kwa sababu ya goti, na India ikaifunga Australia. Ilipofika nusu fainali dhidi ya England, uongozi wa timu, chini ya nahodha Harmanpreet Kaur na kocha Ramesh Powar, ulikibakiza kikosi kilichoshinda, na Mithali, ambaye goti lilikwisha kupona, akaketi benchi.

Kutobadili timu inayoshinda ni hoja nzito, wala sidhani kwamba ilikuwa kisingizio. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutousoma uwanja. Nyasi za pale Antigua zilifanya mpira ukawie kufika kwenye gongo, hali inayomfaa mpigaji mvumilivu kuliko anayetaka kupiga kila mpira kwa nguvu, na India ikamalizwa kwa mikimbio 112. England ilipoteza wiketi 2 tu katika kuipita idadi hiyo. Malumbano yaliyofuata kati ya Mithali na kocha, kwa barua zilizovuja magazetini, hayakumpa heshima yeyote kati yao. Mwaka uliofuata aliuacha mchezo wa ova 20.

Katika ova 50 aliendelea, na malalamiko yakaendelea naye. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Christchurch, Machi 2022, dhidi ya Afrika Kusini, India ikihitaji ushindi ili kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mithali, akiwa na miaka 39, alipata mikimbio 68 kwa mipira 84, na India ikafikisha 274. Afrika Kusini ilishinda katika mpira wa mwisho kabisa, baada ya mrushaji wa India kuvuka mstari wa kurushia, jambo linaloufanya mpira kuwa batili, na wiketi iliyokuwa imepatikana kufutwa. Wanaomlaumu huihesabu ile mipira 84, na wanaomtetea huutaja ule mguu uliovuka mstari.