Linajipanga, Mama

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya Mudi ya dakika nne, na mimi naomba nisikilizwe. Najua imeshawafikia. Jana mtu ambaye hatujaonana tangu kidato cha nne kanitumia ujumbe wa neno moja, "Umerudi?", na vikatuni sita vya kucheka. Leo asubuhi muuza chapati wa hapa Mtongani nimempa hela, kachelewa kunirudishia chenji, nikamwangalia, akasema, "Subiri braza, chenji inajipanga." Foleni nzima ikacheka. Kwa hiyo hakuna siri tena, kilichobaki ni kurekebisha taarifa.

Mudi anasema nilimwacha mama mkwe ndani ya gari nikakimbia. Si kweli. Nilikwenda kutafuta jiwe. Kwenye jiwe tutafika.

Gari lenyewe mnalijua, ile IST yangu ya mwaka 2004, namba D, cc 1290, nimenunua kwa mtu miezi miwili iliyopita. Nilipolichukua lilikuwa bado lina mambo ya Japani. Kila nikiwasha, dada mmoja anaongea Kijapani kutoka kwenye kile kidude cha kulipia barabara za kwao. Nilidhani ananikaribisha. Nikawa namjibu "asante". Mpaka siku Mudi alipoleta simu ya kutafsiri, kumbe anasema kadi haijachomekwa. Miezi miwili namshukuru mtu anayenidai kadi.

Redio nayo ilikuwa ya kwao, inaanzia 76 inaishia 90, stesheni zote za juu ya hapo huzipati. Nikanunua kile kikopo kidogo cha kupandisha masafa, nikatoa redio mwenyewe, nikakiunga kwenye waya wa antena, nikarudisha. Mara paap, taarifa ya habari. Jamani, mafanikio yale ndiyo yaliyoniponza. Mtu akishafunga waya mmoja ukakubali, anaanza kuwaangalia mafundi kama watu wanaotuibia. Wiki iliyofuata nikabadilisha taa za ndani. Nikaanza kuulizia bei za rimu na springi fupi. Nikanunua boksi la spana.

Sasa Jumamosi ilikuwa send-off ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kazi niliyopewa ni mbili tu: kumchukua mama mkwe na kuchukua keki, nifikishe vyote ukumbini, huko Goba. Nikasema siwezi kumbeba mama mkwe na oili chafu. Hakuna aliyenituma. Hakuna mama mkwe duniani aliyewahi kuuliza habari za oili. Lakini nilishaangalia video mara tatu, mzungu mmoja mwenye glavu nyeupe anamwaga oili ya IST kwa spana namba 14 huku anapiga mluzi, na gereji wanataka elfu 15 ya ufundi. Elfu 15 ya kufungua nati moja!

Saa moja asubuhi nikaliweka gari juu ya mtaro, tairi za huku na huku, nikaingia chini na beseni la kufulia. Watoto wa mtaa wakachuchumaa kwenye ukingo kama wanaangalia mpira.

Nati nikaiona. Spana namba 14 haishiki. Kwanza haina kichwa cha kushika, ina tundu la pembe sita katikati. Hapa, ndugu zangu, mtu mwenye akili timamu angetoka mtaroni akaangalia video mara ya nne. Mimi nikasema Wajapani bwana, kila toleo wanageuza geuza, nikaenda kuazima alenki kwa jamaa wa kuchomelea mageti. Akaniuliza, "Unafungua nini?" Nikamwambia oili. Akasema, "Sawa." Namlaumu na yeye kwa ile sawa.

Ikatoka nyekundu. Nyembamba, safi, inang'aa kama juisi ya rozela. Nikamwita Mudi, "Njoo uone! Aliyekuwa na hili gari alikuwa analitunza!" Mudi akachovya kidole, akanusa, akafumba macho kidogo, akasema, "Hii ni oili ya gharama." Sehemu hii kwenye voisi yake haipo. Tafuteni, hamtaiona.

Zikatoka kama lita tatu. Nikafunga nati. Filta ilikataa kufunguka, nikaishika kwa mkono, nikaishika kwa kanga, nikaishika kwa mkanda wa suruali, nikaipangusa vumbi nikasema tutaonana wiki ijayo. Kisha nikafungua boneti nikamimina galoni zima la lita nne. Mzungu alisema 3.7 lakini kikombe kimoja nikiweke wapi?

Nikachomoa dipstiki. Oili imepita alama ya juu kwa zaidi ya kidole, tena juu ni mpya na chini nyeusi tii. Nikafuta, nikachovya tena. Imepanda zaidi. Mudi akasema afadhali izidi kuliko ipungue. Tukaulizana kama kuna kitu duniani kinaharibika kwa oili kuzidi, tukakosa mfano.

Mnaojua magari mmeshashika kichwa, naomba muwasubiri wenzenu. Kwa ambao hamjui: nilichomwaga ilikuwa oili ya giaboksi. Oili ya injini ilikuwa bado imo yote, nikaiongezea lita nne nyingine. Yaani fundi alivyoniambia baadaye, "Umemnyang'anya maji mwenye kiu ukaenda kumnywesha aliyeshiba."

Saa kumi jioni tukaondoka, mimi na Mudi mbele, mama mkwe nyuma, keki ya ghorofa tatu kwenye maboksi, ile kubwa kaipakata. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, maneno machache, sauti ya chini. Tangu nioe hatujawahi kuzungumza zaidi ya shikamoo, marahaba, habari za Nuru, mungu mkubwa. Dada wa Kijapani akadai kadi yake. Mama mkwe akauliza, "Kuna mgeni?" Nikasema ni redio, mama.

Bagamoyo Road gari lilikwenda. Nikiweka D lilikuwa linafikiria kwanza kabla ya kuondoka, na nyuma kulikuwa na kamoshi, lakini Mudi alisema ni oili iliyodondokea ekzosi itaungua iishe. Tukakata kona Tangi Bovu. Na mnaopajua Goba mnaijua ile barabara, milima.

Mlima wa kwanza lilipanda kwa kulalamika. Wa pili, katikati kabisa, injini ikapandisha sauti. Nikafurahi, nikajua linapata nguvu. Nikaongeza mafuta. Sauti ikapanda zaidi. Nikaangalia nje dirishani, kuna kibanda cha wakala wa pesa, mlangoni kakaa dada anachaji simu. Nikakanyaga mpaka mwisho. Injini inalia kama mashine ya kusaga. Nikaangalia tena dirishani. Dada yule yule. Kisha taratibu, kwa heshima zote, dada akaanza kwenda mbele.

Kimya. Mudi ananiangalia. Mimi naangalia mbele kama dereva anayejua anachofanya. Halafu kutoka nyuma, ile sauti ya chini:

"Baba Nuru, hili gari linarudi, au ni macho yangu?"

Na mimi, sijui kwa nini, Mungu ndiye anayejua, nikajibu:

"Linajipanga, mama."

Linajipanga! Gari linakwenda kinyumenyume mlimani, nyuma kuna Kosta imejaa watu, mimi namwambia mama wa watu linajipanga. Akasema, "Haya." Akaishika keki vizuri.

Nikakanyaga breki, likasimama. Kwenye kioo cha nyuma sioni Kosta, sioni barabara, sioni Goba. Moshi mweupe. Zile lita nane zilikuwa zinachapwa humo ndani mpaka povu, injini inazivuta inaziunguza, inatoa moshi kama gari la manispaa la kupulizia mbu. Honi ya Kosta inalia ndani ya wingu. Konda akatokea ubavuni kwangu anakohoa, akagonga kioo: "Braza, mbu wa Goba wamekukosea nini?"

Nikazima injini. Nikavuta handbreki mpaka juu, ikalia kama mlango wa stoo. Handbreki nilipanga kuikaza wiki ijayo pamoja na filta. Nikaachia breki ya mguu kidogo kujaribu. Gari likateleza inchi moja. Likatulia. Inchi nyingine. Nikamwambia Mudi shuka tafuta jiwe. Naapa, kauli hiyo niliitoa. Lakini kiti cha Mudi kilishakuwa kitupu siku nyingi, mlango uko wazi unapepea. Huyu ndiye leo anayetoa ushahidi kuhusu nani alikimbia.

Basi nikashuka. Ndiyo, nilishuka. Ndiyo, nilimwambia mama mkwe "nakuja" nikiwa tayari natimua mbio.

Sasa suala la jiwe, niwe mkweli. Jiwe la kwanza lilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye gari. Nililiona. Nikaliona dogo. La pili lilikuwa kwenye kibanda cha wakala, zuri tu, ila lilikuwa limeshikilia mwamvuli. Nilikuja kupata jiwe la tatu kule juu, kwenye mwembe, na naomba msiniulize ni mita ngapi, kwa sababu nikiwa natembea kurudi nalo nimelikumbatia kifuani ndipo nilipoona ni mbali. Wale abiria wa Kosta walikuwa wameshashuka wote wananiangalia. Mama mmoja akasema, "Huyo anakuja na jiwe, kagombana na nani?"

Nikalifikia gari. Limesimama tuli. Haliendi mbele, halirudi, halitelezi. Mama mkwe yuko pale pale nyuma, mtandio haujasogea, keki mapajani.

"Mama, limesimama."

"Nimeweka P, baba."

Alijisogeza katikati ya viti, mkono mmoja umeshika boksi la keki, mkono mwingine ukapeleka gia kwenye P. P! Gia ya kuegesha, inayofunga gari lisitembee, herufi ya kwanza kabisa, iko juu ya zote, hata Nuru anaijua. Mudi hili halijui mpaka anaposoma hapa, kwa sababu yeye alikuwa mbali kuliko mwembe.

Nimesimama na jiwe langu sijui nilipeleke wapi, mtu akapiga kelele, "Linaungua!" Halikuwa linaungua. Lakini mtaani mtu akishasema linaungua hakuna kikao. Pembeni kulikuwa na lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Dereva wa bodaboda akavua helmeti, akachota, akarusha. Ya kwanza ikatua kwenye wipa. Wakaja wengine na karai. Nikasema ni oili tu jamani, ni oili! Wakasikia oili, wakaongeza mchanga.

Katikati ya vurugu hiyo mama mkwe akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, akaangalia watu, akamchagua konda. "Shika hapa chini. Usiinamishe." Konda ambaye dakika mbili nyuma alikuwa ananitania kuhusu mbu akasema, "Sawa mama," akapokea keki kama anapokea mtoto wa ubatizo. Yakahamishwa maboksi yote. Mama mkwe akapewa siti ya mbele. Kosta ikanipita taratibu, abiria wananipungia.

Mengine ni mafupi. Fundi alikuja na oili ya gia, akamwaga hizo nane, akajaza inavyotakiwa, akasema giaboksi nina bahati nayo. Akaniuliza na kuhusu P, nikajifanya napokea simu. Jumla laki na themanini na tano, ukiweka na kusafisha mchanga. Elfu 15 yangu niliiokoa. Beseni la kufulia lilibaki uani na ile kitu nyekundu, jioni dada wa kazi akauliza rozela hii aiweke kwenye friji. Mke wangu hajasema lolote mpaka leo, na mnaomjua mnajua hiyo ni bei gani.

Ukumbini nilifika saa nne usiku, nina mchanga masikioni, keki imeshakatwa. Nikaenda meza ya wazazi kusalimia, nikainama, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akanisogezea sahani yenye kipande alichonitunzia. Kisha akainamisha kichwa karibu yangu ili wengine wasisikie, sauti ile ile ya chini:

"Lile jiwe, baba, ulilirudisha?"

Lipo kwenye buti.