Nalipa kodi, lakini mimi si mpangaji

Kiswahili chetu kina ubahili wa ajabu hapa: hela unayompa mwenye nyumba ni kodi, na hela unayoipa serikali nayo ni kodi. Jirani yangu kutoka Bukavu alipobisha hodi mwezi wa pili akiwa na fomu ya MI-1040CR mkononi, ile ya kudai marejesho ya kodi ya majengo, neno hilo ndilo lililotupoteza wote wawili. "Kaka, mimi nalipa kodi kila mwezi. Inakuwaje mimi si mpangaji?"

Tunaishi kwenye ushirika wa nyumba hapa jimbo la Michigan, Marekani. Jengo ni la ushirika, mwanachama ana hisa, na hisa ndiyo inayompa haki ya kukaa. Kila mwezi unatoa fungu lako: mkopo wa jengo, bima, maji, matengenezo, kuzoa theluji, na kodi ya majengo. (Usidhani ni mambo ya wanyonge tu. Zile nyumba za Lafayette Park, Detroit, alizochora Mies van der Rohe, nazo ni za ushirika.)

Sasa, jimbo hurudishia fedha kaya ambazo kodi ya majengo imezidi uwezo wao, hata kama hazidaiwi kodi ya mapato. Mwenye nyumba anaandika kodi aliyolipa, basi. Mpangaji hawezi kujua landilodi wake amelipa ngapi, kwa hiyo sheria inakisia kwamba asilimia 23 ya pango lake la mwaka ilikuwa kodi ya majengo. Sisi wa ushirika je? Maelekezo ya fomu hayana kona: andika sehemu yako ya kodi ya jengo, na usichukue asilimia 23 ya malipo yako ya mwezi. Ikiwa ushirika umekodi ardhi, asilimia 23 inahesabiwa kwenye pango la ardhi hiyo peke yake.

Tukakaa mezani na kikokotoo. Tuseme kaya ina mapato ya dola 30,000 na inalipa dola 900 kwa mwezi. Ukijihesabu kama mpangaji, kwa mwaka ni 10,800, na asilimia 23 yake ni 2,484. Unatoa asilimia 3.2 ya mapato, ambayo sheria inaona unaimudu, yaani 960, kisha unarudishiwa asilimia 60 ya kinachobaki: dola 914 hivi. Sasa weka sehemu halisi ya kodi, tuseme 1,400. Unarudishiwa 264. Jirani akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyezila hizo 650.

Inauma, lakini nadhani sheria iko sawa. Waliopanga Dar es Salaam watanielewa haraka: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata kama hana tofali moja kwenye nyumba ile. Mpangaji wa Michigan naye anabebeshwa kodi ya mwenzake, ila yake imefichwa ndani ya pango, ndiyo maana inakisiwa. Kwetu haijafichwa. Iko kwenye vitabu vya ushirika, na vitabu ni vyetu.

Ninachogombana nacho ni ukimya. Ofisi ya ushirika inajua kodi ya jengo zima na inajua mgawo wa kila nyumba, lakini mpaka uende ukaulize. Asiyejua Kiingereza cha fomu anajaza asilimia 23 na kujitafutia barua ya jimbo, au anasikia "ninyi si wapangaji" na kuiacha fomu kabisa. Huyu wa pili ndiye ananisikitisha zaidi, kwa sababu hajakosa haki, amekosa tarakimu moja tu. Kabla ya kuiomba tarakimu hiyo, uliza pia kama jengo linalipa kodi ya kawaida. Penye msamaha kamili hakuna cha kudai, na kwa wapangaji wa nyumba zinazolipa ada maalumu badala ya kodi, kiwango ni asilimia 10 ya pango.

Mimi nataka karatasi moja ibandikwe mwezi wa kwanza pale kwenye mashine za kufulia, na mgawo wa kila nyumba uandikwe humo. Nitalisema kwenye mkutano mkuu. Jirani yangu ameshaanza kuandika barua yake ya kuomba hesabu za miaka ya nyuma, maana jimbo linakubali madai ya hadi miaka 4, na yeye hajawahi kudai hata mara moja.