Mbege si juisi ya ndizi iliyochacha

Makala kuhusu maisha ya kijijini Kilimanjaro inaeleza mbege, pombe ya jadi ya Wachagga, kama juisi ya ndizi iliyoachwa ichachuke. Hapo nimekataa, maana nafaka ya ulezi imesahaulika, na bila ulezi hakuna mbege. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa zichachuke kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyarwi, ambayo huongezwa maji na kuchujwa. Pembeni kuna kazi nyingine kabisa: ulezi huloweshwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa juani ukauke sawasawa, ndipo husagwa. Ukisagwa na unyevu, unga huota ukungu na pombe yote hunuka uvundo. Unga hupikwa uji, yaani mso, na uji lazima upoe kabla ya kuchanganywa na maji ya ndizi, kwa sababu ukimiminwa wa moto unaua chachu na mbege inabaki tamu, haichachuki. Magome ya mti wa msesewe hutiwa kidogo tu kwa ajili ya uchungu, yakizidi, hainyweki. Isitoshe, ndizi hutoka kihambani, yaani shamba la migomba karibu na nyumba, na ulezi kwa kawaida hutoka mashamba ya chini, tambarare, kwa hiyo kata moja (kibuyu cha kunywea) ya mbege hubeba kilimo cha mlimani na cha tambarare, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanawake. Mwandishi wa maisha ya kijiji anawezaje kuliruka hilo? Wasomaji wa Rombo na Machame, msesewe bado mnatia?