Muhogo mchungu: busara ya mkulima na pale inapopwaya

Kila zinaposikika habari za watu kudhurika kwa muhogo, ushauri wa haraka huwa uleule: acheni mbegu chungu, pandeni tamu. Ushauri huo si wa kupuuzwa. Mwaka 2002 na 2003 mkoa wa Mtwara ulikumbwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, ambao kwa kawaida huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Huletwa na kula kwa majuma mfululizo muhogo ambao haukutolewa sumu ya kutosha, tena bila samaki wala kunde za kuupa mwili protini ya kupambana na sumu hiyo.

Hata hivyo anayepanda mbegu chungu hapandi kwa ujinga. Nguruwe pori na nyani hufukua muhogo mtamu kwanza. Mwizi naye akiung'oa mchungu hawezi kuutafuna palepale wala kuuchemsha jioni ile. Atabeba mzigo wenye kazi ya siku kadhaa. Kwa hiyo shamba la mbali na nyumbani hujilinda lenyewe, na mizizi hukaa ardhini kama akiba hadi mvua nyingine. Kumwambia mtu huyu aache mbegu yake bila kumwambia nani atalinda shamba ni kumpa nusu ya ushauri.

Katika usindikaji pia ujuzi upo. Muhogo humenywa kwanza, maana ganda lina sumu kuliko nyama, kisha hupasuliwa na kuanikwa hadi yawe makopa makavu ya kutwanga. Udhaifu uko hapo kwenye kuanika. Ndani ya mzizi, sumu imefungwa mbali na kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili cha muhogo wenyewe kinachoivunja. Viwili hivyo hukutana pale tu nyama inapopondeka au kulainika, ndipo sianidi, ile hewa yenye sumu, inapotoka na kupotea hewani. Kopa likikauka haraka kwenye jua kali, kimeng'enya husimama kufanya kazi sumu nyingi ikiwa bado ndani. Kuloweka siku tatu hadi muhogo ulainike kunatoa sumu vizuri zaidi, lakini juu ya uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi, nani atajaza mapipa kwa ajili ya muhogo?

Wakati wa njaa mambo huharibika zaidi. Ukame huongeza sumu kwenye mizizi, hata ile ya mbegu inayojulikana kuwa tamu, na ndio wakati ambao ghala ni tupu na kitoweo hakuna. Mzizi uliochimbwa leo hutwangwa, huanikwa kidogo, hutwangwa tena na kuliwa kesho. Mama anayefanya hivyo anajua hatua zote. Watoto wanalia, na hana siku za kuzingoja. Kizunguzungu na kutapika baada ya kula ni onyo la kuchukuliwa kwa uzito mkubwa.

Kwa maoni yangu, kinachofaa ni kuongeza hatua moja juu ya ujuzi uliopo, isiyodai pipa la maji. Weka unga mkavu kwenye beseni na utie alama ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, ukae juani saa 2 au kivulini saa 5. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga huamka na kumalizia kazi, na sumu inayobaki huwa kama theluthi moja au pungufu. Kosa la kawaida ni kuurundika: ukiwa mnene, hewa yenye sumu haitoki vizuri. Upikwe ugali siku hiyohiyo, kwani unga uliolowa huchacha.

Mbegu tamu kama Kiroba nazo zina nafasi yake, karibu na nyumba, ambako macho ya watu yanatosha kulinda. Lakini hatua ya kulowanisha unga inaongeza kazi kwa mwanamke ambaye tayari anamenya, anatwanga na kuchota maji. Wanaoifundisha wawaite waume nao kwenye mafunzo, maana beseni na mkeka havihitaji mke.